Herufi unazo, neno hulioni: utatuzi wa matatizo ya kutafuta maneno ya Kiingereza

Jumamosi saa nne asubuhi benchi la nje ya steshenari yangu, hapa Kirumba, Mwanza, linakuwa limeshajaa. Kuna wanafunzi wa sekondari wenye karatasi za chemshabongo, walimu wachanga wanaotunga mazoezi ya tahajia, na mara nyingi mzazi mmoja au wawili wenye simu mkononi. Mtoto kaingia kidato cha kwanza, mwaka jana alisoma kwa Kiswahili, sasa baiolojia na jiografia zinamjia kwa Kiingereza, na mzazi anahangaika kumsaidia. Shida yao wote ni moja: herufi wanazo, neno hawalioni. Wengine hutumia tovuti za kutafutia maneno, wengine programu za simu, wengine orodha ndefu niliyoiweka kwenye Excel, na wachache wameshajua kuandika amri kwenye kompyuta.

Kila hitilafu inayoletwa huwa naiandika kwenye daftari, na daftari hilo limenionyesha kwamba mara nyingi sana mashine haina kosa. Swali tuliloliuliza silo tulilokusudia. Nimepanga mambo kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi, na ya mwisho ni ya nadra. Anza juu, shuka taratibu. Usifute programu wala kupakua faili jipya kabla hujafanya ukaguzi mwepesi, maana bando ni pesa.

Dalili: maneno yanakuja mengi mno, au si uliyoyataka

Sababu iliyo mbele ya nyingine zote ni kwamba "maneno yenye A, R na T" si swali moja. Ni maswali matatu, na kila chombo kimechagua lake bila kukuambia.

Swali la kwanza: herufi hizo ziwemo, kwa mpangilio wowote, na nyingine ziruhusiwe kuingia. Kwa swali hilo WATER limo, GREAT limo, TRAIN limo. Swali la pili: herufi zifuatane kama ulivyoziandika, bila kitu katikati. Hapo PARTY, HEART na START yanapita, lakini WATER halipiti, kwa sababu T imesimama kati ya A na R na kuna E pia. Swali la tatu: neno litokane na herufi hizo tu, usiongeze hata moja. Yatabaki ART, RAT, TAR na vijineno kama AT.

Ukaguzi wake ni wa nusu dakika. Andika herufi A, R, T kwenye chombo chako, kisha angalia kama WATER limetokea. Likitokea, chombo kinajibu swali la kwanza. Lisipotokea, tafuta PARTY kwenye majibu. Likiwepo, ni swali la pili. Yote mawili yakikosekana na RAT lipo, ni swali la tatu. Ukishajua chombo chako kinajibu swali gani, andika kwenye kikaratasi ukibandike nyuma ya simu au kando ya kioo. Nimeona watu wakibadilisha programu nne kwa asubuhi moja wakitafuta "nzuri", kumbe zote zilikuwa nzuri, kila moja na swali lake.

Kwenye kompyuta yenye grep, amri inayochuja mistari ya faili yenye herufi unazozitaja, swali la kwanza linaandikwa hivi, na kila kipande kinachuja kilichopita (maneno.txt ni faili la orodha yako, neno moja kila mstari; -i ni ya kutojali herufi kubwa na ndogo):

grep -i a maneno.txt | grep -i r | grep -i t

La pili ni fupi:

grep -i art maneno.txt

Sababu ya pili, ya kawaida pia: hukuweka urefu wa neno. Orodha ya Kiingereza yenye maneno laki moja na zaidi haiwezi kukupa majibu machache kwa herufi tatu za kawaida. Kama fumbo lina visanduku vitano, mwambie mashine vitano.

Dalili: hakuna jibu hata moja

Hapa usiogope, karibu kila mara ni kitu kidogo.

Angalia nafasi iliyobaki mwishoni. Ukichagua neno kwenye mapendekezo ya kibodi ya simu, kibodi huongeza nafasi nyuma yake bila kukuuliza. Chombo kinaisoma nafasi ile kama herufi nyingine na kutafuta neno lisilokuwepo. Weka kidole mwisho kabisa wa ulichoandika, bonyeza kufuta mara moja, jaribu tena.

Pili, kibodi inayojisahihisha. Herufi ulizobandika bila maana, kama AEKL, kibodi inaziona kama kosa na kuzigeuza. Soma tena kilichoandikwa baada ya kubonyeza kutafuta, si kabla.

Tatu, mikato. Umeandika "a, e, k, l" kwenye kisanduku kinachotaka "aekl", au kinyume chake.

Nne, sifuri mahali pa O na moja mahali pa L. Hii huja kwa wanaopiga picha karatasi ya mwalimu na kuiachia simu isome maandishi. Kwa jicho huoni tofauti. Zifute na uziandike upya kwa mkono.

Tano, herufi kubwa na ndogo. Kwenye Excel, kazi ya FIND hutofautisha herufi kubwa na ndogo, SEARCH haitofautishi. Kwa grep, bila ile -i, "a" na "A" ni vitu viwili.

Ya sita ni ya wanaotumia amri, na inasumbua kwa sababu haionekani. Faili likitengenezwa kwenye Windows, kila mstari huishia na alama moja ya ziada isiyoonekana. Ukitafuta kwa alama ya dola, ambayo maana yake ni "neno liishie hapa", hupati kitu, kwa kuwa kwa mashine neno halijaishia hapo. Dalili yake ni hii: ^lake (^ maana yake ni "neno lianzie hapa") inaleta LAKE, lakini ^lake$ haileti chochote. Dawa:

tr -d '\r' < maneno.txt > safi.txt

Tumia safi.txt kuanzia hapo, na lile la zamani liache kama nakala.

Dalili: mengine yanakuja, ila neno unalolijua halimo

Hii ndiyo iliyonifundisha zaidi, nitakaa nayo.

Binti mmoja wa kidato cha pili alikuja na fumbo la mwalimu wake: herufi saba, na kidokezo kwamba ni kazi ya watu wengi wa ziwani. Nina mfuko wa vizibo vya soda, kila kizibo kimeandikwa herufi kwa makapeni, nikampa. Akavipanga kwenye benchi: F, G, H, I, N, S. Akavipanga upya. Akaingiza herufi zilezile kwenye simu, kwa swali la tatu, yaani zitumike hizo tu. Simu ikampa FISH. Ikampa SIGN. Akasema, "Shikamoo mwalimu, hii programu imeharibika." Nikamwitikia marahaba, nikamwomba anihesabie vizibo. Sita. Nikamwomba anihesabie herufi kwenye karatasi. Akazihesabu kwa ncha ya kalamu, moja moja, akasimama kwenye I ya pili. Alidhani mwalimu ameirudia kwa bahati mbaya. Nikampa kizibo cha saba. Hakuirudia simu tena. Alivuta I, N na G pembeni, akabaki na F, I, S, H mbele yake, na benchi zima likasikia: FISHING.

Herufi inayojirudia ndiyo sababu ya kwanza ya neno linalojulikana kukosekana. FISHING lina I mbili. LETTER lina E mbili na T mbili. TILAPIA, jina la Kiingereza la jamii ya sato, lina I mbili na A mbili. Ukimwandikia mashine kila herufi mara moja tu, kwa swali la tatu neno litakosekana. Kwa swali la kwanza litakuja, lakini limezama kati ya mengine mengi.

Tatizo hilohilo lina upande wa pili. Vyombo vingine, na amri kama

grep -i '^[fghins]*$' maneno.txt

huruhusu kila herufi itumike mara nyingi upendavyo. Hapo utapata FISHING, sawa, lakini utapata pia SHINING, lenye N mbili, wakati kizibo chako cha N ni kimoja. Kwa fumbo la shule au ubao wa Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, hilo ni jibu la kukataliwa. Kwa hiyo hesabu. Kwenye Excel, idadi ya I katika neno lililo A2 ni:

=LEN(A2)-LEN(SUBSTITUTE(LOWER(A2),"i",""))

FISHING lina herufi 7, ukiondoa I zinabaki 5, jibu ni 2. Ile LOWER usiiache, kwa sababu SUBSTITUTE inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Na kama fomula inakataa kabisa kwenye mashine yako, jaribu kuweka nukta mkato mahali pa mkato. Inategemea mpangilio wa nchi uliowekwa. Kwa grep, "I angalau mbili" ni 'i.*i'. Kuandika grep i mara mbili hakusaidii, kwa kuwa kichujio cha pili kinaiona I ileile ya kwanza na kuridhika.

Sababu ya pili ni tahajia ya Uingereza na ya Marekani. Shuleni tunaandika COLOUR na CENTRE; orodha nyingi za mtandaoni zina COLOR na CENTER. Tafuta COLOUR kwenye orodha yako kabla ya kuilaumu. Likikosekana, umeshika orodha ya Marekani.

Sababu ya tatu iko mdomoni na masikioni mwetu. Kiswahili unakisoma kama kilivyoandikwa, Kiingereza hakina desturi hiyo. ISLAND lina S isiyosikika, KNIFE lina K isiyosikika, na anayetafuta kwa sauti hawezi kuyafikia. Kisha kuna L na R. Wengi tuliokulia Kanda ya Ziwa tulianza na lugha za nyumbani zisizozitenganisha herufi hizi kama Kiingereza kinavyotaka, na kosa lake ni gumu kulikamata kwa sababu pande zote mbili ni maneno halali: LAKE na RAKE, LIVER na RIVER, COLLECT na CORRECT. Mashine haitalalamika, itakupa neno lingine lililo sahihi. Mzazi au mwalimu asimcheke mtoto hapa. Mwambie aandike neno zima kwanza, mlisome pamoja kwenye kamusi, ndipo atafute.

Nne, orodha yako imekatika. Faili la Excel la aina ya zamani, lenye jina linaloishia na .xls, linabeba mistari 65,536 tu. La sasa, .xlsx, linabeba 1,048,576. Ukihifadhi orodha kubwa kwenye aina ya zamani, kila kilicho chini ya mstari ule kinapotea, na kwa kuwa orodha imepangwa kwa alfabeti, unapoteza kipande kizima cha mwisho. Ukaguzi: tafuta YOUNG na ZEBRA. Yakikosekana yote mawili huku maneno ya A na B yamejaa, ndiyo hiyo. Irudie kutoka faili la asili, uhifadhi kama .xlsx.

Tano, orodha ya mashina tu, isiyo na wingi wala -ED wala -ING. BOAT lipo, BOATS halipo.

Ya mwisho ni ya nadra lakini imenipotezea jioni nzima: Excel ikifungua orodha, neno "true" na neno "false" huyageuza kuwa TRUE na FALSE, thamani za ndiyo na hapana, si maneno tena. Kabla ya kuingiza orodha, weka safu nzima iwe ya aina ya maandishi.

Na tafadhali, ukitaka kupanga orodha kwa urefu wa maneno, chagua safu zote kabla ya kupanga. Ukipanga safu moja peke yake, maneno yanaachana na hesabu zake na hakuna wa kukurejeshea kama umeshahifadhi.

Dalili: yanakuja maneno yasiyokubalika

Weka E, I, L, N. Utapata LINE na LIEN, na kwenye orodha nyingi utapata pia NILE. Huo ni mto, jina la pekee, na kwenye Scrabble na mafumbo mengi haukubaliki. Orodha zinazokuja na kompyuta za Linux huwa na majina ya watu na miji ndani yake, na maneno yenye kistari cha juu (') kabla ya S. Mengi yanaanza na herufi kubwa, kwa hiyo grep ya '^[a-z]*$', bila -i safari hii, huyaondoa. Kwenye baadhi ya kompyuta alama hiyo ya a-z huingiza na herufi kubwa; weka LC_ALL=C mbele ya amri, tatizo linaisha.

Kama unacheza Scrabble, usibishane juu ya neno kabla hamjakubaliana orodha. Nchi nyingi hutumia orodha ya Collins. Marekani na Kanada wana yao. QI na ZA yanakubalika kwa zote mbili, na ni vizuri kuyajua kwa sababu Q na Z zina alama 10 kila moja na zinakwama mkononi. Vijana wangu hushangaa pia kuambiwa kwamba SAFARI na UGALI yamo katika kamusi kubwa za Kiingereza. Yamo, na si kosa la orodha.

Dalili: jibu lako limekataliwa ingawa herufi zote zimetumika

Hili nalileta kwa uzito kwa sababu nililitenda mimi. Nilitunga fumbo la herufi A, C, D, E, I, N, O, T, U, jibu kichwani mwangu likiwa EDUCATION. Kijana mmoja akaandika CAUTIONED. Nikampiga mkasi. Jioni nikizihesabu herufi nikaona ni zilezile tisa, kila moja mara moja, na kwamba AUCTIONED nalo linatoka humohumo. Jumamosi iliyofuata nilimpa alama yake mbele ya wenzake, na nikamwomba radhi.

Mwalimu anayetunga: kabla hujatoa fumbo, tafuta maneno yote yanayotoka kwenye herufi zako. Yakiwa zaidi ya moja, weka kidokezo cha maana, au weka herufi moja mahali pake. Hata zile saba za FISHING, ukiziacha bila idadi ya visanduku, mtoto anayeandika FINISH hajakosea.

Dalili: fumbo lina nafasi wazi, na alama unazoweka zinaleta takataka

Tatizo ni kinyota. Kwenye tovuti nyingi na kwenye Excel, alama ya kuuliza ni herufi moja yoyote na kinyota ni herufi kadhaa au hakuna kabisa. Kwenye grep mambo ni mengine: herufi moja yoyote ni nukta, na kinyota maana yake ni "kile kilichotangulia, mara yoyote, hata sifuri". Kwa hiyo anayeandika l*ke akitaka LAKE na LIKE anapata kila neno lenye KE ndani yake, MONKEY na BASKET pia, kwa kuwa L imeruhusiwa kutokuwepo. Andika '^l.ke$'.

Vivyo hivyo visanduku vitano vyenye A ya pili na ER mwishoni ni '^.a.er$': WATER, PAPER, LATER, BAKER. Kigae kitupu cha Scrabble, na viko viwili tu kati ya vigae 100, kwenye tovuti huandikwa kwa alama ya kuuliza. Ukiweka viwili tegemea majibu marefu.

Dalili: simu au kompyuta inaganda

Kama ni tovuti, mara nyingi ni matangazo yanayojazana, au mtandao. Funga kurasa nyingine, jaribu tena.

Kama ni programu uliyoiandika mwenyewe au uliyopewa na rafiki, huenda inapanga herufi kwa kila njia inayowezekana na kuuliza kila mpango kama ni neno. Kwa herufi 7 tofauti, mipango ni 5,040, simu inamudu. Kwa herufi 10 ni 3,628,800. Kwa 12 ni 479,001,600, na hapo laptopu ya zamani inaanza kupuliza feni kama inataka kuruka. Kununua mashine mpya si dawa.

Dawa ni kugeuza kazi. Chukua herufi za kila neno uzipange kwa alfabeti. LAKE linakuwa AEKL. LEAK linakuwa AEKL. KALE, jamaa ya sukuma wiki, nalo AEKL. Maneno yenye herufi sawa yanakuwa na jina moja, kwa hiyo unapita orodha mara moja tu na kulinganisha, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python:

lengo = "".join(sorted("lake"))
for neno in open("maneno.txt"):
    neno = neno.strip().lower()
    if "".join(sorted(neno)) == lengo:
        print(neno)

Ile strip inaondoa pia alama ya Windows niliyoitaja juu. Jaribu na SHORE, itakuletea HORSE.

Kompyuta ikiganda huku diski ndani inagonga, tik tik tik, hiyo si habari ya maneno tena. Zima. Usiwashe mara kwa mara kuona kama imepona, kila kuwasha kunaweza kuzidi kuiharibu. Mpelekee fundi anayeshughulika na kuokoa data, umwambie kilicho muhimu ndani yake.

Dalili za kusimama mara moja

Programu ya kutafuta maneno haihitaji kusoma ujumbe wako, haihitaji majina ya watu kwenye simu yako, haihitaji kupiga simu. Ikiomba, kataa na uifute. Ukurasa ukikuambia simu yako ina virusi na ubonyeze hapa kuisafisha, funga ukurasa. Ukiambiwa uweke namba ya simu ili upate "majibu kamili", mara nyingi unajiunga na huduma ya kukatwa salio kila siku; mimi nilikatwa wiki mbili kabla sijagundua.

Kama umeshaandika namba ya siri ya pesa za simu mahali pa namna hiyo, acha kila kitu. Zima data, badilisha namba ya siri sasa hivi, kisha piga huduma kwa wateja ya mtandao wako kabla ya kurudi kwenye fumbo. Programu ikigoma kufutika, usihangaike na mafunzo ya mtandaoni. Peleka kwa fundi simu unayemwamini, ukae pale akiitengeneza, na namba yako ya siri usimtajie.

Dalili: vyombo vyote viko sawa, ila mtoto bado haoni neno

Kwanza mwondolee simu. Umeme ukikatika Mwanza, benchi letu haliahirishwi, vizibo havina chaji. Mwambie atenge irabu upande mmoja na konsonanti upande wa pili. Atafute mikia: ING, ED, ER, S. Atafute zinazopenda kukaa pamoja: SH, CH, TH, CK, na Q na U. Akikosa irabu kabisa, amkumbuke Y, maana MYTH, HYMN na RHYTHM yanaishi bila A, E, I, O wala U. Dakika kumi za vizibo humfaa kuliko saa nzima ya majibu ya mashine.

Pili, angalia kama anajua maana ya neno. Mtoto hawezi kuliona neno ambalo hajawahi kukutana nalo. Mchukulie maneno ya vitu anavyovishika: BOAT, NET, ROPE, PERCH kwa sangara.

Tatu, na hapa ndipo mzazi au mwalimu wa benchi aachie wenye utaalamu. Akiwa anabadilisha B na D, au P na Q, mwezi hadi mwezi, kwa Kiswahili pia na si Kiingereza tu; akiwa anaruka mistari, anakodoa macho, anasogeza karatasi karibu na pua, au anaumwa kichwa kila akisoma, usimwongezee mazoezi wala adhabu. Mpeleke kliniki ya macho kwanza. Macho yakiwa salama, omba shuleni kuonana na mwalimu wa elimu maalumu, na uende na madaftari yake mawili, la Kiswahili na la Kiingereza, la mwaka huu na la mwaka jana, ili mtaalamu aone mwenyewe herufi zinavyogeuka.